Picha Imo Ndani ya Bodi

Uthiru,
8 Machi 2004

Kwa Bwana Muthama,

Awuor ananiambia joto la Dubai linakufanya uoge mara tatu kwa siku. Hapa Uthiru mvua bado haijafika, na mahindi niliyopanda nyuma ya nyumba yananitazama kana kwamba kosa ni langu. Awuor mwenyewe ni mzima. Jumapili alikuja kutoka Kileleshwa akiwa na keki ya dukani, akala nusu yake, akalala kwenye kochi mpaka jioni. Kazi ya benki inamchosha, lakini ananenepa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Usidhani nimesahau. Mtu aliyenitengenezea taipureta miaka minne, akinywa chai yangu, kisha siku moja akamchukua binti yangu Awuor wakaenda kwa msajili wa ndoa wakatia sahihi kama watu wanaonunua ploti, bila mjomba hata mmoja kubisha hodi hapa Uthiru, mtu huyo bado si mkwe wangu. Nakuandikia kama fundi.

Kuanzia Novemba hii mtihani wa uhazili utafanywa kwa kompyuta tu. Taipureta basi. Chuo kisicho na kompyuta hakitakuwa kituo cha mtihani, na wasichana hawalipi karo kwenye chuo ambacho si kituo. Nina watahiniwa kumi na wawili, na kila mmoja lazima awe na mashine yake siku hiyo. Nisipozipata, nitashuka ngazi nimkabidhi Harbhajan ufunguo wa jengo lake la Ngara, aweke cherehani zaidi za kushona sare za shule pale tulipokaa miaka ishirini na mitatu.

Kuna muuzaji wa Moi Avenue anaitwa Kiragu. Mashine zake zina kitu anachokiita kadi ya picha, kipande cha pekee cha kuonyesha vitu kwenye skrini, na anasema kompyuta isiyo na kadi hiyo ni kompyuta nusu. Kwa nilicho nacho ninaweza kupata mashine saba za kwake. Saba hazinisaidii. Wewe unauza vipuri vya kompyuta huko. Je, kuna njia ya kupata kumi na mbili zilizo kamili?

Jibu kwa barua, tena yenye tarehe. Sitaki simu. Kwetu mama na mume wa binti yake hawapigi soga kwenye simu.

Peres Odhiambo,
Mkuu wa Chuo


Dubai,
1 Aprili 2004

Kwa Mwalimu Peres,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa heshima, na pia kwa sababu chumbani kwetu kiti ni kimoja na leo si zamu yangu. Sisi tu wazima. Joto ni kweli, ila mara tatu ni chumvi ya Awuor. Mimi huoga mara mbili. Nimefurahi kusikia ananenepa. Mimi nimekonda, kwa hiyo katika ndoa hii hakuna kilichopotea.

Kabla sijajibu, niruhusu swali moja la fundi. Unasema mimi si mkwe. Lakini simu huitaki kwa sababu mimi ni mkwe. Nichukue ipi?

Sasa kazi. Kwenye bodi kuu ya kompyuta, ile ambamo kila kitu huchomekwa, kuna chip mbili kubwa zinazoongoza mawasiliano kati ya prosesa (ubongo wa mashine), memori na vifaa vingine. Hizo mbili kwa pamoja ndizo chipset. Zamani chipset haikujua kuchora, kwa hiyo ilibidi ununue kadi ya picha uichomeke pembeni. Siku hizi kazi hiyo ya kuchora wameitia ndani ya chip yenyewe. Waya wa skrini unauchomeka nyuma ya bodi moja kwa moja. Kadi haipo kwa sababu haihitajiki.

Kiragu hakudanganyi kabisa. Kijana wa michezo ya mbio za magari anahitaji kadi. Mchoraji wa majengo anahitaji kadi. Wasichana wako wanachapa barua za "Rejelea barua yako ya tarehe kumi". Barua hiyo haihitaji kadi, Mwalimu, inahitaji vidole.

Na kuna faida mbili zaidi. Kitu ambacho hakipo hakilegei wala hakiungui. Na mashine isiyo na kadi hula stima kidogo. Mimi stima ya Ngara naijua.

Kwa pesa za mashine saba za Kiragu unapata bodi kumi na mbili za chipset ya kampuni ya SiS, prosesa zake na memori zake. Makasha na skrini zilizotumika utazipata Luthuli Avenue. Kuunganisha ni kazi ya bisibisi moja. Mtu anayefungua taipureta ya umeme akiongea na mzazi mlangoni hawezi kushindwa na bodi.

Nipe neno tu.

Muthama


Ngara,
26 Aprili 2004

Kwa Bwana Muthama,

Mvua imefika na imevuka mpaka. Barabara ya kushuka kwangu kutoka Waiyaki Way sasa ni ya bata. Awuor anakusalimu, ingawa najua mnapigiana simu na salamu hizi zimechacha.

Swali lako nimelisoma. Sitalijibu.

Nilimpelekea Kiragu maneno yako. Alicheka mpaka akashika meza. "Madam, hiyo kitu inaitwa onboard. Ni ya watu wa kubahatisha. Graphics card ikiharibika unatoa, unaweka ingine. Hiyo yako ikiharibika, unatupa board yote. Sasa huyo jamaa wa Dubai amekuonea huruma ama amekuona hivi hivi tu?"

Nikamwuliza hizo kadi huharibika mara ngapi. Akaanza kutafuta kalamu.

Lete bodi zako. Lakini tuelewane, na maneno haya nimeyapigia mstari: mashine zikipita Novemba, nitataja siku ya wewe na wazee wako kuja Uthiru. Zikikwama, usinitumie hata kadi ya Krismasi.

P. Odhiambo


Dubai,
30 Mei 2004

Kwa Mwalimu Peres,

Mvua ya Uthiru naionea wivu mpaka nimemwomba Awuor anishikie simu dirishani niisikie.

Mzigo unakuja na Taranjit, yule anayeleta vitambaa kwa Harbhajan. Anapita hapa kila safari, na ni mtu mwaminifu. Bodi kumi na mbili, kila moja nimeiwasha mwenyewe kabla ya kuifunga. Mwenye duka aliniuliza kwa nini namchomea stima jioni zote hizo. Nikamwambia mteja wa bodi hizi ni mama mkwe wangu. Aliniongezea kahawa.

Hatua zote nimechora kwenye karatasi ya pili. Ninayotaka uyakumbuke ni haya. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi, kwa sababu sweta lako lile la kijani lina cheche. Kipande cha memori kikitumbukia vizuri kitalia "ta" pande zote mbili. Na tundu la skrini ni lile la buluu nyuma ya bodi. Pembeni kuna nafasi ya kadi iliyo tupu. Usiihurumie, haina njaa.

Muthama


Ngara,
5 Julai 2004

Kwa Bwana Muthama,

Sisaili afya yako leo. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Mzigo ulifika salama. Jumamosi niliwaita watahiniwa wote, nikavua sweta, tukatandaza magazeti kwenye meza, na kila msichana akaunganisha mashine yake mwenyewe, mimi nikizunguka na karatasi yako. Nilitaka kila mmoja aijue mashine yake kama zamani tulivyojua kubadilisha utepe. Zilipowaka, kumi na mbili, skrini zote buluu kwa pamoja, wasichana walipiga vigelegele mpaka mafundi wa Harbhajan wakapanda juu kuuliza ni arusi ya nani. Sikuficha furaha yangu. Nilikaa chini nikajipepea kwa daftari la mahudhurio.

Kisha nikakagua, kama ninavyokagua kila kitu kinachoingia mlango huu. Kwenye kila kipande cha memori kimeandikwa 128. Ukiuliza mashine yenyewe ina memori kiasi gani, inajibu 96. Nilienda kwa ya pili: 96. Ya tatu: 96. Zote. Thelathini na mbili imekatwa kwenye kila mashine, sawasawa, kama mtu aliyepunguza sukari kwenye kila pakiti akafunga tena vizuri.

Nimemsimamisha Taranjit ofisini kwangu. Ameapa kwa watoto wake. "Mwalimu, mimi nabeba tu. Box ilikuwa na tape, hata sijafungua. Memory nitaiba aje? Nitaichota na kijiko?" Ameondoka bila kunywa maji. Basi kama si yeye, ni wewe au ni mwenye duka wako wa kahawa.

Awuor amejaribu kunieleza kwa simu kwamba eti si wizi. Nimemkatia. Mke husimama upande wa mumewe na simlaumu. Nataka maandishi. Mpaka yafike, mashine nimezifunika kwa vitambaa na hakuna atakayezigusa. Chuo changu hakitafanya mtihani kwa mali ya kuchezewa, hata kama ni kufunga mlango.

P. Odhiambo


Dubai,
27 Julai 2004

Kwa Mwalimu Peres,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilikasirika mpaka Jumatano. Alhamisi nikacheka, na leo naweza kuandika.

Hakuna mwizi. Kuna mkopaji, na ni mimi niliyesahau kukuambia habari zake. Kosa hilo ni langu, Taranjit hana lolote.

Kadi ya picha ya Kiragu huja na memori yake yenyewe. Chipset yetu haina. Ili ichore skrini, hukopa memori ya mashine: inachukua sehemu, inaigeuza ubao wake wa kuchorea, na kompyuta inahesabu kilichobaki. Kiwandani wameipangia ikope 32, wakidhani huenda mtu atacheza michezo. 128 kutoa 32 ni 96. Hesabu yako ilikuwa sawa mpaka mwisho. Ulikosea kugeuka polisi tu.

Lakini sasa sikiliza, maana hapa ndipo ulipovumbua jambo. Kwa barua za kuchapa, 32 ni nyingi mno. Washa mashine, na kabla haijaamka bonyeza Delete mara kwa mara. Utafunguka ukurasa wa maandishi. Ingia penye neno Chipset, tafuta Share Memory Size, punguza iwe 8. Hifadhi, toka. Mashine itakujibu 120, na itakwenda mbio kuliko ilivyokuwa. Usingekagua, ungefanya mtihani na mashine zinazojikokota, na mimi nisingejua.

Nimekaa nikafikiri: nani mwingine Nairobi nzima angefungua kompyuta mpya akaanza kuipima kama gunia? Wateja wangu hapa hawajawahi kuniuliza swali hilo, hata mmoja. Ila Mwalimu, wiki tatu vitambaa juu ya mashine? Wasichana wanachapa kwenye nini, kwenye mapaja?

Ondoa vitambaa. Tafadhali.

Muthama


Ngara,
16 Agosti 2004

Kwa Muthama,

Awuor mzima. Mahindi tumevuna. Mimi pia mzima, na afya yako naisaili, pamoja na ile ya mara iliyopita.

120. Zote kumi na mbili.

Vitambaa nimeviondoa. Muda tuliopoteza tunaulipia sasa: wasichana wanaingia alfajiri, na Jumamosi wanakaa mpaka Harbhajan anafunga duka. Mmoja anachapa kwa kasi ambayo mimi nikiwa na miaka yake sikuifikia, hata niliposifiwa.

Taranjit nilimwalika chai. Nilimwekea maandazi kwenye sahani kubwa, na sahani ilirudi tupu, kwa hiyo nadhani tumeelewana.

Barua yako ya mwisho imekaa kwenye droo ya juu. Nyingine zipo droo ya chini.

Peres


Ngara,
13 Novemba 2004

Kwa Muthama,

Keti. Kama kiti si zamu yako, mwambie mwenzio akupishe leo.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Msimamizi aliyetumwa ni Bwana Kinyanjui, mtu mpole mwenye saa kubwa. Wasichana walikaa, kila mmoja mbele ya mashine aliyoiunganisha mwenyewe. Karatasi zikagawiwa. Wakaanza kuchapa. Hujui jinsi sauti ile ilivyonipendeza, si ule mlio wa taipureta, ni laini kama mvua ya kwanza kwenye bati. Kisha stima ikapotea. Ngara yote. Mpaka taa za kuongoza magari zikazima.

Bwana Kinyanjui akatazama saa. "Madam, mimi nafuata sheria. Nawapa nusu saa. Stima isiporudi, hii centre inafutwa. Wataandika mwaka ujao, mahali kwingine."

Mahali kwingine! Nilishuka zile ngazi kama msichana. Harbhajan alikuwa amesimama mlangoni akiangalia mafundi wake wamekaa na sare nusu nusu. Ana jenereta nyuma ya duka, ya cherehani na taa. Nikamwomba. Akakuna ndevu. "Mwalimu, generator ni yako. Lakini ni ndogo. Last month huyo mtu wa Kiragu aliniambia computer zake sita tu zinaiua. Zako ni kumi na mbili. Itabeba kweli?"

Nikamwambia, "Zangu hazina kadi."

Sikujua kama inatosha, Muthama. Nilijua tu ulichoandika Aprili, kwamba mashine isiyo na kadi hula stima kidogo. Nilisimama pale nikaiamini sentensi yako moja. Sikuwahi kumwamini mtu hivyo tangu Odhiambo wangu afariki.

Harbhajan akazima kila taa ya duka. Akachomoa feni, akachomoa birika la chai, akachomoa mpaka redio yake ya taarabu za Bombei. Mafundi wakavuta waya kupitia dirisha la ngazi. Jenereta ikakohoa, ikashika. Nikawaambia wasichana wawashe moja moja, kwa zamu, si kwa pamoja. Ya kwanza. Ya pili. Ilipofika ya tisa taa ya ukutani ikafifia na Harbhajan akaniita kwa sauti kutoka chini, "Mwalimu, inalia!" Nikaizima hiyo taa ya ukutani kwa mkono wangu. Ya kumi. Ya kumi na moja. Msichana wa mwisho alikuwa na kidole juu ya swichi ananitazama mimi, na mimi nikamkubalia kwa kichwa. Ikawaka!

Walichapa mpaka mwisho. Gizani, mapazia yakiwa yamefungwa, kwa mwanga wa skrini zao tu, nyuso zote kumi na mbili zikiwa za buluu, na jenereta inanguruma chini kama mtu mnene anayepanda ngazi bila kukata tamaa. Bwana Kinyanjui alikusanya karatasi, akaniambia vituo viwili vya mtaa huu vimefutwa asubuhi hiyo. Kisha akaniomba chai, na hakukuwa na birika lililochomekwa, tukacheka.

Mimi si mtu wa kulia kazini. Nililia. Niliegemea mlango wa chumba cha mashine nikalia mbele ya wanafunzi, mbele ya Harbhajan, mbele ya mafundi wote wa sare, na sikuona haya.

Kiragu alikuja Ijumaa. Alisimama katikati ya chumba, akainama akatazama nyuma ya mashine, akatafuta kadi. "Madam," akasema, "huyo jamaa wako wa Dubai ana number?" Nikamwambia haongei na watu kwa simu.

Peres


Dubai,
4 Desemba 2004

Mwalimu wangu,

Barua yako nimewasomea wenzangu chumbani, nikitafsiri nilivyoweza. Ilipofika ya kumi na mbili walipiga makofi, na jirani aligonga ukuta. Nimempa habari mwenye duka pia. Amesema mteja kama huyo hata bei ya jumla ni dharau.

Nimefurahi mpaka nimekosa la kutania. Umeshinda, Mwalimu. Wewe na wasichana wako mmeshinda.

Sasa nakumbusha mstari uliopigiwa mstari. Mkataba wangu hapa unaisha mwezi wa pili na siuongezi. Baba yangu, Mzee Muli, na wajomba zangu wawili wa Machakos wako tayari. Mjomba mkubwa amekwisha nunua kofia. Taja siku.

Muthama


Dubai,
15 Januari 2005

Kwa Mwalimu Peres,

Heri ya mwaka mpya. Hapa ni baridi ya kuvaa shati la mikono mirefu.

Taranjit amepita mara mbili tangu niandike. Mara zote mbili nilimpokea mlangoni, na mara zote mbili alikuwa na vitambaa tu, bila barua yako. Awuor anasema ukitajiwa siku ya Uthiru unainuka kwenda kutazama mahindi, na mahindi mlivuna Agosti.

Matokeo yametoka na wote wamefaulu, nimesikia. Nimeshukuru Mungu. Lakini inaonekana mashine zimepita, mimi sijapita. Kama ni kabila langu, sema. Kama ni ile sahihi ya kwa msajili, sema. Naweza kubeba jibu lolote. Ukimya ndio unaonielemea.

Muthama


Uthiru,
30 Januari 2005

Kwa Muthama,

Nimeandika barua hii mara tano. Hii ya tano inakwenda hata ikiwa mbaya.

Si kabila lako. Mzee Muli ningempokea hata angekuja peke yake bila kofia.

Unajua desturi yetu, ila nadhani huijui hadi mwisho wake. Siku utakapoingia hapa kwa mlango wa mbele pamoja na wazee wako, utakuwa mkwe kweli. Mkwe simshiki mkono. Sili naye meza moja. Siketi naye chumba kimoja tukibishana, siinami naye juu ya mashine moja nikimwambia skrubu hiyo ni ndefu, naye akiniambia miwani yangu ndiyo fupi. Heshima inakaa kati yetu kama ukuta, na ukuta huo ni mzuri, mimi mwenyewe niliulinda kati ya mama yangu na Odhiambo wangu. Lakini ni ukuta.

Kwa miaka minne ulikuwa mtu pekee katika Ngara yote aliyethubutu kuniambia nimekosea. Wengine wote wananiita Madam na kuondoka. Siku mliyotia sahihi kwa msajili, watu walidhani nimekasirika kwa sababu ya binti. Binti alichagua vizuri, hilo nililijua. Nilikasirika kwa sababu umenichukulia fundi wangu. Na mwaka huu nimekupata tena kwa barua, tukagombana kama zamani, ukaniita polisi, nikakuita mwizi, na sijafurahi hivyo kwa muda mrefu. Ndiyo maana sikuweza kutaja siku. Kukutaja mkwe ni kukuaga.

Sasa nimeipata njia, na ni kwa sababu ya bodi zako. Zina kila kitu mahali pamoja, na zinafanya kazi. Chuo changu kitafanya kinyume. Hapo, kadi itakaa mbali na bodi, na katikati kutakuwa na waya.

Maombi ya nafasi yamezidi viti. Harbhajan ananipa chumba kingine, ng'ambo ya ngazi. Ofisi yangu itahamia huko, upande wa kushoto. Chumba cha mashine kinabaki kulia, na kinahitaji mwalimu. Mwalimu huyo hatanikuta humo, nami sitamkuta ofisini kwangu. Kwenye ukuta wa katikati nimeagiza sanduku la barua lenye kufuli na funguo mbili. Kwa kadiri nijuavyo, hakuna mzee yeyote aliyewahi kukataza mkwe kuandika.

Njooni Jumamosi, tarehe 9 Aprili. Mwambie mjomba avae hiyo kofia.

Mama mkwe wako,
Peres


Chumba cha Mashine, Ngara,
9 Mei 2005

Kwa Mama,

Shikamoo kutoka ng'ambo ya ngazi. Awuor ni mzima, mimi ni mzima, Mzee Muli bado anasimulia Machakos nzima jinsi ulivyomkaribisha. Hali ya hewa huku kulia ni joto kiasi, kwa sababu mashine sasa ni ishirini.

Nashauri mashine mpya zikope memori 16 badala ya 8, kwa kuwa wasichana wa mwaka huu wanatengeneza pia mabango yenye picha. Naomba idhini yako.

Mkwe wako,
Muthama


Ofisi ya Mkuu, Ngara,
9 Mei 2005

Kwa mkwe wangu,

Hali ya hewa huku kushoto ni nzuri.

Umekosea. 8 inatosha, na nimelijaribu bango lenyewe leo ulipokwenda kula. Nijibu kabla ya saa kumi, tena usiandike kwa ufupi kama ulivyofanya leo.

Mama